Kiti Namba Nane, Jukwaa la Kumi na Nne

Watu wakija kuniuliza habari za Wahunzi, timu yetu ya besiboli, wanataka niwahesabie vikombe. Haya, vikombe ni hivi: mwaka 1911 na mwaka 1913, ubingwa wa nchi nzima, mara mbili, na mzee Kolb mwenye timu akazungushwa mitaa ya Kensington juu ya mkokoteni wa farasi huku wanawake wa viwanda vya mazulia wakimrushia nyuzi za rangi. Nimemaliza. Sasa kaa chini nikueleze habari za Bruno Dudek, maana hiyo ndiyo historia ya Wahunzi ninayoijua mimi, na hakuna gazeti la Filadelfia lililoiandika.

Mimi naitwa Carmine Fusco. Nimeuza karanga katika uwanja wa Kolb kwa miaka ishirini na sita, kuanzia jukwaa la kumi na moja mpaka la kumi na sita. Watu wangu sikuwajua kwa majina. Niliwajua kwa wanachokula. Alikuwepo Haradali, alikuwepo Bia Mbili, alikuwepo Nipe Chenji Yangu. Bruno alikuwa Bila Chumvi. Pembeni yake, kiti namba nane, alikaa mwanamke mwenye kofia ya kijani ambaye kwangu alikuwa Ongeza Chumvi. Mimi mwenyewe nilikuwa Karanga, hata mke wangu akija uwanjani alikuwa ananiita hivyo, na sikupenda hata kidogo.

Jukwaa la kumi na nne lilikuwa na desturi zake, na bila kuzijua desturi hizo utamwona Bruno ni mpumbavu. Alikuwa mpumbavu, sikatai, lakini si kwa namna unayodhania.

Timu ilianzishwa mwaka 1889 na wafua vyuma wa kiwanda cha garimoshi, ndiyo maana ikaitwa Wahunzi. Baada ya vile vikombe viwili mzee Kolb akauza wachezaji wake wote wazuri ili ajenge majukwaa ya zege. Tukapata majukwaa ya zege, hatukupata tena timu. Basi ikafika vita, na mwaka 1918 siku ya mwisho ya msimu vijana wa jukwaa la kumi na nne walikuwa wanaondoka kwenda Ulaya, na hakuna aliyetaka kuagana. Wakapeana penseli. Unajua mtu wa besiboli hakai uwanjani mikono mitupu. Ana daftari lake lenye miraba, na kila mpigaji akija anaandika kilichompata: alipiga, alikosa, alidakwa na nani. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na penseli. Akampa jirani yake, akasema, nishikie, utanipa Aprili. Vuli ile ikaja homa kubwa, watu wakafa hapa mjini wengi kuliko kule vitani. Aprili ilipofika, wazee walinisimulia, kuna watu walikaa na penseli ya jirani mkononi mpaka mchezo ukaisha, kiti cha pembeni kitupu.

Tangu hapo ikawa sheria. Siku ya mwisho unampa jirani yako penseli, unasema "Aprili", unaondoka. Huagi. Sheria ya pili ilitokana na ile ile: mambo ya nje yabaki nje. Kazi, nyumba, ugonjwa, mume, deni, hayo hayaingii jukwaa la kumi na nne. Ukianza kulia habari za bosi wako, mtu wa nyuma anakugonga begani: "Mambo ya nje, ndugu." Unanyamaza.

Bruno alikuja mwaka 1932. Alikuwa mfumaji kiwanda cha mazulia, Mpolandi wa kule Richmond karibu na mto, mrefu, masikio makubwa, kelele za mashine zimemfanya asikie nusunusu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na baada ya hapo hakuwa na mtu. Hakuoa. Nduguze walikuwa wamebaki ng'ambo. Nyumbani kwake, Mtaa wa Salmon, palikuwa na kitanda, jiko, na picha ya mama yake ukutani. Haya yote niliyajua baadaye sana. Wakati ule nilijua hataki chumvi, basi.

Yule mwanamke alikuja mwaka uliofuata. Sijui alitoka wapi. Nakumbuka siku ya kwanza alimwangalia Bruno anavyoandika kwenye daftari, akamwambia, "Umekosea." Hajamsalimu hata.

"Nimekosea nini?"

"Umeandika amepiga vizuri. Hakupiga vizuri, yule mlinzi kauachia mpira. Andika kosa."

"Bibi, mpira ule ulikuwa moto. Ungekuwa wewe ungeuruka."

"Mimi ningeuruka kwa sababu nimevaa viatu vya kanisani. Yeye analipwa."

Bruno akafuta. Nilikuwa nimesimama pale na trei yangu, nikaona kwa macho yangu, Bila Chumvi anafuta! Hata mke wangu sijamfutia hivyo. Akamwambia jina lake, Bruno, naye akasema Verna, na hayo majina mawili ndiyo yalikuwa yote waliyojuana kwa miaka ishirini na mbili.

Na miaka yenyewe ilikuwa ya aibu. Mwaka 1936 tulifungwa michezo mia moja na tatu. Mia na tatu! Tulikuwa na mrushaji mmoja ambaye watu walimpigia makofi akifanikiwa kufika pale anaporushia bila kujikwaa. Mzee Kolb akafa, wanawe wawili wakarithi, mmoja hapendi besiboli, mwingine hampendi huyo mmoja. Uwanja wa watu elfu thelathini ukawa unaingia watu elfu mbili, na kelele zao ungezisikia moja moja. "We nambari kumi na sita, mama yako anajua uko hapa?" Mchezaji anageuka, anajibu. Tulikuwa hivyo, kama watu wa ukoo mmoja waliochokana.

Bruno na Bi Verna walikuwa wanabishana kila Jumapili. Kosa, si kosa. Nikipita wananiita nihukumu.

"Karanga, njoo hapa. Ile ilikuwa kosa?"

"Mimi nauza karanga, Bi Verna."

"Una macho au huna?"

"Ninayo, lakini yanaangalia pesa zangu."

"Muoga huyo," Bruno anasema. "Usimuulize muoga."

Wanacheka wote wawili, halafu kila mmoja anaandika anavyotaka yeye. Bi Verna alikuwa na mazoea yake: akila karanga hatupi maganda ovyo, anachukua nusu ganda analiingiza ndani ya nusu nyingine, anayapanga chini ya kiti mstari mmoja. Wafagiaji walikuwa wanajua kiti namba nane bila kusoma namba.

Mwaka 1947 Bi Verna alikosa Jumapili tatu. Bruno alikaa pale kama mtu anayengoja daktari. Hakuniuliza kitu, ila nilipita na karanga akanunua mifuko miwili, mmoja wenye chumvi, akauweka kwenye kiti namba nane. Jumapili tatu alifanya hivyo. Wiki ya nne Bi Verna akaja amevaa nguo nyeusi mpaka soksi. Akakaa. Kila mtu aliona, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Bruno akafungua mkoba wake, akatoa daftari jipya, akampa. Michezo yote mitatu aliyoikosa ilikuwa imeandikwa humo, na palipokuwa na ubishi Bruno aliandika kosa, kama ambavyo Bi Verna angeandika.

Bi Verna alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Halafu akasema, "Hapa duru ya saba, hii haikuwa kosa kweli, Bruno. Umenipendelea."

"Hukuwepo. Utajuaje?"

Akafuta machozi kwa glavu, akaanza kuandika mchezo wa siku hiyo. Ndiyo hayo tu. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia, na sioni haya kusema.

Siku ya mwisho ya mwaka 1954 kulikuwa na uvumi kwamba vijana wa Kolb wanataka kuuza timu. Lakini uvumi huo tulikuwa nao tangu vita, tumeuzoea. Tulifungwa tisa kwa moja. Watu wakapeana penseli. Bi Verna akampa Bruno yake, ya njano, fupi, ameitafuna mwishoni. Bruno akampa yake.

"Aprili," Bi Verna akasema.

"Aprili," Bruno akasema.

Akashuka ngazi na kofia yake ya kijani, mimi huyo namwambia, "Ongeza Chumvi, baridi njema!" akanipungia mkono bila kugeuka. Novemba tukasoma gazetini kwamba Wahunzi wameuzwa kwa matajiri wa magharibi, maelfu ya maili, msimu ujao hawachezi Filadelfia tena. Wameondoka na jina, jezi, na hata vile vikombe. Wanaharamu! Miaka sitini na mitano, halafu wanatangaza kwa mistari kumi na miwili chini ya habari za bei ya nyama.

Majira ya baridi mimi huuza mikate ya kusokotwa yenye chumvi pale njia panda ya Kensington na Allegheny, chini ya reli ya juu. Wiki ile ile namwona Bruno anakuja, amevaa koti la kazini, uso umemshuka. Hakutaka mkate.

"Karanga, yule bibi wa namba nane anakaa wapi?"

Nikamtazama. "Wewe ndiye unayeniuliza mimi? Umekaa naye miaka ishirini na mbili!"

"Sijawahi kumuuliza."

"Jina la ukoo?"

"Sijui."

"Kanisa? Mtaa? Anashuka kituo gani?"

"Anatoka lango la kusini. Mimi natoka la mashariki." Treni likapita juu, akangoja lipite. "Carmine, sina mtu mwingine. Unanielewa? Mtu ninayeongea naye ni yule."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina langu, na nilijisikia vibaya. Nikamwambia, jambo jepesi hilo. Una penseli yake, ana penseli yako. Mwanamke yule hatakosa kuirudisha. Siku ambayo msimu ungefunguliwa, Aprili, nenda ukasimame langoni kwa Kolb, utamkuta.

Akatikisa kichwa. "Siwezi. Nimeapa."

"Umeapa nini?"

"Siku ile niliposoma gazeti. Nilikwenda makaburini nikaapa kwa kaburi la mama yangu kwamba mguu wangu hautakanyaga tena mali ya Kolb, wala njia ya mbele yake, mpaka nife."

"Ebo! Kwani wana wa Kolb watajua? Wako kwao wanakunywa mvinyo, wewe unamkomoa nani?"

"Nimeapa, Carmine. Kwa mama yangu."

"Mama yako angekupiga kofi."

Nilimwambia maneno mengi, mengine hayaandikiki. Hakusogea. Wewe hujawahi kubishana na Mpolandi wa Richmond aliyeapia kaburi. Akatia tangazo gazetini badala yake: "Verna wa jukwaa la kumi na nne, ninayo penseli yako. Bruno," na sanduku la posta. Wiki tatu mfululizo. Alipata barua moja, ya mtu anayeuza bima.

Aprili ikafika, hakwenda. Alikaa nyumbani Mtaa wa Salmon na saa ya mezani mbele yake. Mimi nilikuwa nimepata kibarua bandarini, na mimi sikwenda, na hilo najilaumu mpaka leo.

Juni tangazo likabandikwa: uwanja unabomolewa, viti vinauzwa kwa mwenye kutaka ukumbusho, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Mkandarasi wa kubomoa alikuwa anatafuta watu wanaoujua uwanja, akanichukua. Kazi yangu ilikuwa kufungua nati. Kila kiti kina miguu ya chuma, nati nne, zimeota kutu tangu enzi za mzee Kolb. Mtu anakuja, ananionyesha kiti chake, nafungua, anabeba. Unaona mijitu mikubwa inalia imekumbatia ubao.

Jumatatu saa nne asubuhi namwona Bi Verna anapanda ngazi. Kofia ya kijani ile ile. Amenyooka, lakini amekonda, na nywele zote nyeupe. Akakaa kwenye kiti chake, namba nane, akaweka mkoba mapajani.

"Bi Verna! Nikufungulie?"

"Bado, Karanga. Nangoja."

Sikuuliza anamngoja nani. Nilikuwa na mfuko wa karanga niliokaanga mwenyewe, nikampa, nikaongeza chumvi. Akakaa mpaka tulipofunga saa kumi na moja. Nilitaka kukimbia mpaka Richmond kumwita yule mjinga, lakini sikujua nyumba. Richmond ina nyumba ngapi? Nilijua Bruno Dudek wa kiwanda cha mazulia, na kiwanda kilikuwa kimefungwa wiki mbili kwa likizo ya kiangazi. Jioni nikapita baa nne za Wapolandi nikiuliza. Wananitazama: Mtaliano huyu anamdai nini Dudek? Hawajui, hawajui, hawajui.

Jumanne akaja tena. Karanga tena. Mvua ndogo ikanyesha, akafungua mwavuli, hakuondoka. Nikamwendea.

"Bi Verna, atakuja. Kuna kiapo tu kimemshika."

"Kiapo gani?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, cheko la puani. "Nilikuja Aprili," akasema. "Lango limefungwa kwa mnyororo. Nilisimama mpaka nilipokisia ni duru ya tisa, ya mwisho. Polisi akaniuliza kama nimepotea." Akatoa penseli ya Bruno kwenye mkoba, akaitazama, akairudisha. "Mtu akitaka kuja, Karanga, anakuja."

"Mimi nitamleta, haki ya Mungu. Nipe jina lako lote. Nipe mtaa."

Akainua mkono, na nikajua atasema nini kabla hajasema. "Mambo ya nje."

"Bi Verna, timu imeondoka! Jukwaa linabomolewa! Sheria ya nani tena hiyo?"

"Ya kwetu," akasema. "Ndiyo iliyobaki."

 Ningemlazimisha? Ningemfuata njiani kama mwizi? Leo nasema ndiyo, ningemfuata. Siku ile nilirudi kwenye nati zangu.

Jumatano akaja na mwanamume mwenye lori dogo, akamwacha nje. Alikaa na karanga zake mpaka saa kumi. Halafu akaniita.

"Nifungulie namba saba."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Namba saba ni cha Bruno. Chako ni nane."

"Najua kuhesabu. Saba. Nane usimpe mtu mwingine. Akija, mpe." Nikapiga magoti, nikafungua nati nne kwa mkono wangu huu.  Alisimama kando yangu akaongeza, "Na usimwambie nilingoja. Mwambie nilipita tu."

Mwenye lori akabeba. Kofia ya kijani ikashuka ngazi, ikatokea lango la kusini. Namba ya lori sikuiangalia.

Alhamisi saa tatu asubuhi, nani huyo anakuja? Bruno. Amenyoa, amevaa tai, penseli ya njano imechomoza mfuko wa kifuani. Anapanda ngazi mbili mbili, mtu wa miaka hamsini na minane.

"Carmine! Nimefunguliwa kiapo!"

"Umefunguliwa na nani?"

"Na padri. Niliona tangazo Jumatatu, nikataka kwenda kwake siku hiyo hiyo, nikaona haya kumsumbua padri kwa mambo ya mpira. Nikangoja mpaka jana, Jumatano, siku ya sala za novena, anapokuwa kanisani. Alicheka sana. Akaniambia, Dudek, Mungu hana daftari la besiboli, nenda." Alikuwa anahema, anatabasamu, masikio yamekuwa mekundu. "Atakuja, sivyo? Wiki haijaisha. Atakuja kuchukua kiti chake."

 Akanipita, akafika kwenye mstari wetu, akasimama. Palipokuwa namba saba palikuwa na matundu manne kwenye zege. Namba nane kilikuwepo.

"Nani kachukua changu?"

"Yeye."

Ilimchukua muda. Nilimwona anaelewa polepole, uso wake ukafunguka, akashika ile penseli mfukoni. Nikamsoma anavyowaza: alichukua changu, anishikie. Akaniachia chake. Akacheka kwa sauti, yule mtu, peke yake kwenye majukwaa matupu. "Aprili!" akasema. "Unaona? Kama penseli! Amekwenda wapi? Ameacha anuani?"

"Hakuacha."

"Amesema atarudi?"

"Bruno... hakusema. Alipita tu. Alikuwa na haraka."

Niliusema ule uongo kwa sababu niliombwa. Nilidhani utamsaidia. Akaitikia kwa kichwa, akainama ili ashike kiti, na hapo ndipo akaona chini. Maganda. Sikuwa nimefagia, nani anafagia uwanja unaobomolewa? Nusu ganda ndani ya nusu ganda, mistari mitatu, imenyooka, na ile miwili ya kwanza imelowa mvua ya Jumanne.

Akachutama. Aligusa mstari wa kwanza kwa kidole, akagusa wa pili, akagusa wa tatu.

"Haya si ya siku moja, Carmine."

"Si ya siku moja."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

 Alikaa pale chini kwenye zege, tai yake imegusa vumbi, kwa muda mrefu sana, mpaka msimamizi akanipigia kelele niendelee na kazi. Nikafungua namba nane. Tulikibeba pamoja mpaka Mtaa wa Salmon kwa tramu, kondakta anatutukana njia nzima, na Bruno alikishikilia mgongo wake kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukaa.

Tangu siku ile nikawa namtembelea, Jumapili baada ya misa. Alitia matangazo mpaka gazeti likamwonea huruma, likawa linamwekea bure. Aliandika barua kwa makanisa, kwa ofisi ya posta. Alisimama lango la kusini la uwanja usiokuwepo, pakiwa pameshakuwa mahali pa kuegesha magari. Verna wa kofia ya kijani hakuna aliyemjua. Nadhani alihama mji siku ile ile, lori lile halikuonekana la mjini. Nadhani tu. Timu ya Wahunzi ilishinda kombe huko magharibi mwaka 1961, nikamletea gazeti nikifikiri atafurahi. Akalikunjua, akafungia samaki.

Kiti namba nane alikiweka jikoni, karibu na dirisha, akakifunga sakafuni kwa nati nne. Upande wa kushoto akaweka stuli yake ya kawaida, mahali ambapo namba saba kingekuwa. Alikuwa anakula hapo, anasoma hapo. Kila mwezi wa Aprili alikuwa anachonga ile penseli ya njano, kidogo kidogo, mpaka ikawa haishikiki, lakini ile sehemu iliyotafunwa hakuigusa.

Mara ya mwisho nilikwenda miguu inaniuma, nimezeeka na mimi, nimepanda ngazi zake tatu za marumaru nikihema. Bruno alikuwa anachemsha kahawa, amenipa mgongo, masikio yake hayasikii tena kitu. Siku zote nilisimama, maana stuli ni yake na jikoni hamkuwa na kiti kingine. Nikasema kimoyomoyo, ah, kiti ni kiti, nikainama nikae namba nane.

Sijui alijuaje. Aligeuka na birika mkononi, akapiga kelele ambayo sikuisikia kwake tangu zile siku za kubishana.

"Carmine! Hapo pana mwenyewe!"